Mdai Ndiye Husamehe: Fimbo Kuukuu na Kanuni za Gofu ya Kulipwa



Nimekuja na fimbo moja, na ningependa ipite mkononi mwa kila mmoja wenu wakati ninazungumza. Ishikeni tu, haivunjiki. Ni weji, fimbo fupi yenye uso uliolala, ile ambayo mchezaji wa gofu huichomoa mfukoni anapobakiza hatua chache kufika kwenye grini, pale penye nyasi fupi na shimo. Igeuzeni muone mgongo wake: pana tundu lenye umbo la jicho, na pameandikwa Ping Eye 2. Pana nukta ndogo nyeusi ya rangi, alama ya kiwanda kwamba fimbo imetegwa kwa mchezaji wa kimo cha kawaida. Shingoni pamegongwa namba. Mshikio si wa asili. Umeshabadilishwa mara mbili ninazozijua mimi.

Aliyenipa ni mzee mmoja aliyebeba mifuko ya wachezaji tangu ujana wake hadi mgongo ulipomkatalia. Naye alipewa na mgeni aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Siku aliponikabidhi, aliishika kwa mikono miwili, akasema, "Mwanangu, uso wake usiuguse kwa msasa wala tupa. Tope likikauka kwenye hii mistari, litoe kwa mswaki wa mti." Nikamwambia, "Nimekuelewa, mzee." Wakati ule sikujua kwamba hiyo mistari ndiyo iliyowafikisha watu mahakamani.

Fimbo hii ilitengenezwa kabla ya 1 Aprili 1990. Tarehe hiyo naomba muishike. Mchezaji wa kulipwa aliyekuwa na fimbo kama hii kwenye mashindano ya PGA Tour kule Marekani mwezi Januari 2010 alikuwa ndani ya kanuni. Mwenzake aliyeibeba kwenye mashindano hayo hayo mwezi Aprili 2010 alikuwa anavunja kanuni. Chuma ni kilekile, mistari ni ileile, hakuna aliyeitia tupa. Kati ya miezi hiyo mchezaji mmoja alimwita mwenzake mdanganyifu mbele ya waandishi wa habari, na mchezo mzima ukagawanyika. Nataka tuufuate mkasa huo tangu mwanzo wake, kwa sababu naamini unatufundisha jambo kuhusu kanuni ambalo watu wa mpira wa miguu, watu wa riadha, hata watu wa serikali, wangefaidika nalo.

Tuanze na hiyo mistari. Mafundi wengine huiita mifereji. Mimi nitaiita mifuo. Aliye na weji sasa hivi apitishe ukucha juu ya uso, kutoka chini kwenda juu. Utausikia ukucha ukikwama, ukiachia, ukikwama tena. Kanuni inasema mfuo usizidi upana wa milimita 0.9 na kina cha kama nusu milimita, na nafasi kati ya mfuo na mfuo isipungue mara tatu ya upana wa mfuo wenyewe. Vipimo hivyo ni vya sonara, na bado ndani yake imo riziki ya watu.

Wengi hudhani mifuo ndiyo inayoushika mpira na kuuzungusha. Mpira ukiwa juu ya nyasi fupi zilizokatwa vizuri, na uso wa fimbo ni mkavu, mifuo ina kazi ndogo sana. Hata uso usio na mifuo ungeuzungusha mpira vya kutosha. Kazi yake inaonekana mpira unapoangukia kwenye nyasi ndefu pembeni. Pale, fimbo inapouendea mpira, majani na umande hubanwa katikati, na uso unateleza kama gurudumu lililokwisha meno kwenye barabara ya udongo wakati wa masika. Mpira unaruka bila kuzunguka, unatua kwenye grini na kuendelea kukimbia hadi upande wa pili. Mifuo ni meno ya gurudumu: majani na maji yanapata pa kukimbilia, chuma kinaugusa mpira. Kadiri mfuo unavyokuwa mpana chini na kingo zake kuwa kali, ndivyo mchezaji anavyoweza kupiga kutoka kwenye nyasi ndefu na mpira ukasimama karibu kama vile aliupiga kutoka kwenye nyasi fupi.

Zamani mifuo ilikuwa na umbo la herufi V, kwa kuwa fimbo zilifuliwa kwa nyundo na mifuo ikagongwa kwa muhuri. Kisha akaja mtu aliyezisubu fimbo kwenye kalibu.

Mtu huyo ni Karsten Solheim. Alizaliwa Bergen, Norway, mwaka 1911, akapelekwa Seattle, Marekani, angali mtoto. Baba yake alikuwa fundi viatu na yeye mwenyewe alishona viatu kabla ya kuwa mhandisi. Alifanya kazi kwenye viwanda vya ndege, kisha General Electric, na ni wenzake wa kazini waliomshawishi kucheza gofu akiwa na umri wa miaka 42. Hakuridhika na fimbo ya kusukumia mpira shimoni. Mwaka 1959 akatengeneza ya kwake kwenye gereji ya nyumbani, Redwood City, California, akiuhamishia uzito kwenye ncha mbili za kichwa ili fimbo isijipinde mpira ukigongwa nje ya katikati. Ilipogonga mpira ilitoa mlio mwembamba, na mlio huo ndio ukawa jina la kiwanda: Ping.

Napenda kukaa kidogo kwa mzee huyu. Wako watu waliozaliwa ndani ya mchezo, wanaoupokea ulivyo kama mtoto anavyoipokea lugha ya mama. Solheim aliingia akiwa mtu mzima, na macho ya mtu mzima anayejua chuma. Alipokwama kutafuta jina la fimbo yake mpya, mkewe Louise alimwambia aiite jibu, kwa Kiingereza, na neno lilipozidi urefu wa nafasi iliyokuwepo akamshauri aondoe herufi moja. Ndiyo maana hadi leo fimbo hiyo inaitwa Anser, na ni vigumu kupita kwenye grini yoyote duniani usione umbo lake au nakala yake.

Eye 2 ilitoka mwaka 1982. Uzito ulitandazwa pembezoni mwa kichwa, hivyo hata mpigaji asiye hodari aliweza kukosea kidogo na mpira ukaenda. Mwaka 1984 shirikisho la gofu la Marekani, USGA, likaruhusu mifuo yenye umbo la U, kwa kuwa fimbo za kusubiwa hutoka kwenye kalibu na umbo hilo kwa urahisi. Lakini kingo za U zilikuwa kali. Mipira ya wachezaji bora enzi hizo ilikuwa na ganda laini, na ganda hilo likawa linachanwa. Wachezaji wakalalamika. Solheim akafanya kile ambacho fundi yeyote mwenye huruma angefanya: akaziviringisha kingo kidogo. Mtu aliyekulia kwenye kibanda cha fundi viatu anajua ngozi inavyochanika.

Hapo ndipo ubishi ulipozaliwa. Kanuni ilisema nafasi kati ya mifuo isipungue mara tatu ya upana wa mfuo. Vizuri, lakini ukingo ukishaviringishwa, mfuo unaanzia wapi? Pale mviringo unapoanza kushuka, au pale ukuta wa mfuo unaposimama wima? Ukipima kwa namna moja, Eye 2 ni halali. Ukipima kwa namna nyingine, imezidi. Tofauti yenyewe haifiki robo ya milimita. USGA ikapima kwa namna yake na kusema fimbo zile haziko ndani ya kanuni. Solheim akasema nimefuata kanuni kama mlivyoiandika, namna ya kupima mmeileta baadaye. Mwaka 1989 akaishtaki USGA akidai dola milioni 100.

Januari 1990 walipatana nje ya mahakama. Solheim alikubali kubadilisha mifuo ya fimbo zote zitakazotoka kiwandani kuanzia Aprili. USGA nayo ilikubali kwamba zile zilizokwisha kutengenezwa zihesabiwe halali, basi. Zile zilizofuata zikatiwa alama ya kujumlisha ili zijulikane. Ile ninayowapitishia haina alama hiyo.

PGA Tour, ambao ndio wasimamizi wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa na si USGA, walikuwa na ugomvi wao. Walitangaza kwamba kuanzia 1 Januari 1990 mifuo ya U isingeruhusiwa kabisa katika mashindano yao. Kiwanda pamoja na wachezaji kadhaa, akiwemo Bob Gilder, wakaenda mahakama ya shirikisho huko Arizona, na jaji akazuia katazo lile lisianze. Mahakama ya rufaa ikaliunga mkono zuio hilo mwaka 1991. Mwaka 1993 nao wakapatana, na Eye 2 za kabla ya Aprili 1990 zikabaki kuwa halali.

Kwa hiyo palikuwa na karatasi mbili zilizotiwa saini. Watu wakaziweka kabatini, wakaendelea na maisha. Solheim akafariki mwaka 2000.

Msidhani mambo haya yalianza na Solheim. Mwaka 1904 Walter Travis, Mmarekani mzaliwa wa Australia, alikwenda Uingereza akachukua ubingwa wa ridhaa wa Waingereza kule Sandwich, akisukuma mpira kwa fimbo ngeni yenye mpini uliochomekwa katikati ya kichwa. Fimbo hiyo iliitwa Schenectady, jina la mji wa aliyeibuni, Arthur Knight, naye pia mhandisi wa General Electric. Miaka michache baadaye wakuu wa R&A, chombo cha kanuni za gofu cha St Andrews, wakazipiga marufuku fimbo za namna hiyo, na marufuku hayo yakadumu upande wa Waingereza hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1921 Jock Hutchison alishinda The Open palepale St Andrews, mji aliozaliwa, akitumia fimbo zenye mifuo ya kina iliyousimamisha mpira kwenye grini ngumu. Baada ya muda mfupi mifuo ile ikakatazwa.

Angalieni lakini jambo moja. Hakuna aliyemnyang'anya Travis kikombe chake. Hakuna aliyemnyang'anya Hutchison. Walicheza ndani ya kanuni za siku ile, na kanuni iliyokuja baadaye ilianzia pale ilipotangazwa. Sheria njema haina macho kisogoni. Hilo wazee wa gofu walilijua vizuri, na kwa hilo nawaheshimu, hata kama nadhani kumkatalia Knight fimbo yake kwa miaka 40 ilikuwa chuki ya mgeni kuliko hoja ya mchezo.

Sasa turudi kwenye Eye 2.

Kufikia miaka ya 2000, wachezaji wa kulipwa walikuwa wanapiga mpira mbali kuliko wakati wowote, na hawakujali sana unaangukia wapi. Ukiangukia kwenye nyasi ndefu, si neno: weji yenye mifuo ya U ingeufuata. USGA na R&A walichunguza wakaona kwamba zamani mchezaji aliyepiga moja kwa moja ndiye aliyepata fedha, na kwamba uhusiano huo ulikuwa umekaribia kutoweka. Agosti 2008 wakatangaza kanuni mpya: kuanzia 1 Januari 2010, kwenye mashindano makubwa ya kulipwa, mifuo ya fimbo zenye uso uliolala nyuzi 25 au zaidi iwe na nafasi ndogo zaidi ya kupitisha majani, na kingo zake zisiwe kali. Kusudi lilikuwa zuri. Walitaka nyasi ndefu ziwe adhabu tena. Nami ninayependa kumwona mchezaji akifikiri kabla ya kupiga nasema walikuwa na haki kulitaka hilo.

Lakini walipoandika kanuni yao, zile karatasi mbili kabatini zilikuwa bado zina nguvu. Kanuni mpya iligonga kila weji duniani isipokuwa moja. Eye 2 ya kabla ya 1 Aprili 1990, fimbo yenye umri wa miaka 20 na zaidi, ikawa ndiyo pekee yenye mifuo ya zamani inayoruhusiwa kwenye PGA Tour.

Wachezaji si wajinga. Msimu wa 2010 ulipofunguliwa, John Daly na Dean Wilson walionekana nazo huko Hawaii. Watu walinong'ona tu. Mwishoni mwa Januari, Torrey Pines, California, Phil Mickelson akaitia yake kwenye mfuko. Huyu alikuwa mmoja wa wachezaji wawili watatu wakubwa zaidi duniani, na minong'ono ikageuka kelele. Scott McCarron, mchezaji mwenzake, aliwaambia waandishi kwamba ule ni udanganyifu na kwamba amesikitishwa sana. Mickelson akajibu kwamba fimbo yake imeidhinishwa, na kwamba anapinga namna kanuni ile ilivyoandikwa na namna vibali vya fimbo vilivyokuwa vinatolewa.

Ninalichukua neno la McCarron kwa uzito, maana hakulisema kwa chuki. Hoja yake ilikuwa na mashiko. Kama kanuni imetungwa ili mifuo mikali iondoke, na wote wameacha silaha mlangoni, je, ni haki mmoja aingie na panga kwa kuwa panga lake lilifuliwa zamani? Usawa ndio roho ya mashindano. Kijana aliyeingia PGA Tour mwaka ule, asiye na mzee wa kumrithisha weji, angeipata wapi? Na wale waliozitafuta walikuta bei zake kwenye minada zimepanda.

Hata hivyo neno udanganyifu halikumstahili Mickelson. Kiswahili chetu kinatusaidia hapa kwa kuwa kina ngazi. Kuna werevu, kuna ujanja, kuna hila, kuna udanganyifu. Mwerevu anaona njia ambayo wengine hawajaiona. Mjanja anaitumia njia hiyo hata kama wengine watanuna. Mwenye hila anaficha alama ya miguu yake. Mdanganyifu anasema sikupita huko. Mickelson aliitoa ile weji mfukoni mbele ya kamera za televisheni, katika nchi yake, mchana kweupe, na fimbo yenyewe imeandikwa Ping Eye 2 mgongoni. Mwiteni mjanja, nami nitakubaliana nanyi. Ujanja una lawama zake. Ila ukimwita mdanganyifu mtu anayefuata kanuni iliyotiwa saini na wakuu wake mwenyewe, unamtaka azibe kwa mikono yake tundu ambalo wao waliliacha. McCarron, kwa sifa yake, alimwomba radhi. Na Mickelson, mashindano yaliyofuata Los Angeles, aliiacha weji ile nyumbani kwa hiari.

Swali gumu lilibaki kwa wakuu wa PGA Tour. Wafanye nini?

Ahadi ni deni. Kila mtoto wa Kiswahili amelisikia hilo kabla hajajua kuandika. Lakini tukilisema huwa tunamwangalia aliyeahidi tu: alipe, atimize. Tumsahau kwa muda, tumtazame yule wa pili. Kama ahadi ni deni, basi yupo mdai. Na deni lina njia mbili tu za kuondoka: kulipwa, au kusamehewa. Mwenye kusamehe ni mdai. Mdaiwa hawezi kuamka asubuhi akatangaza kwamba deni lake limekuwa zito, kwamba nyakati zimebadilika, kwamba majirani wananung'unika, kwa hiyo amelifuta. Akifanya hivyo hajafuta deni, amedhulumu.

Majirani walikuwa wananung'unika kweli, na kulikuwa na sauti zilizotaka PGA Tour wakate shauri siku hiyo hiyo, wazipige marufuku Eye 2 na liwalo na liwe. Kamishna wao wakati huo, Tim Finchem, hakufanya hivyo. Wangefanya, wangekuwa wanaivunja saini ya 1993 kwa sababu tu imewapa usumbufu. Na fikirini mtengenezaji mwingine yeyote, mhandisi mwingine anayeanza gerejini kwake leo: angeamini vipi karatasi yoyote kutoka kwao?

Aliyefungua fundo ni John Solheim, mwana wa Karsten, ambaye ndiye alikuwa anaongoza kiwanda. Angeweza kukaa kimya. Fimbo ya baba yake, iliyowahi kuitwa haramu, ilikuwa sasa ndiyo inayotafutwa na mabingwa. Ni tangazo gani lingeshinda hilo? Mwanzoni mwa Machi 2010 alikubali kuiachia haki ambayo baba yake aliipigania mahakamani, ili wachezaji wa PGA Tour wasimame tena kwenye mstari mmoja. Kuanzia 29 Machi 2010, Eye 2 za zamani zikakoma kutumika kwenye mashindano hayo. Mchezaji wa klabu aliyeinunua kwa fedha yake hakuguswa.

Mdai alisamehe. Katika historia yote ya kanuni za vifaa vya michezo, ninayoijua mimi, hiyo ni moja ya saa chache ambapo kila mmoja alikaa mahali pake: aliyeahidi akashika ahadi hata ilipomuuma, na aliyeahidiwa akailegeza kwa mkono wake. Mkasa huu husimuliwa kama kioja cha mwanya wa kisheria ulioachwa wazi ukazibwa baada ya miezi mitatu. Mimi naona miezi mitatu ile ya kelele ilikuwa bei halali ya kuheshimu saini.

Mtaniuliza, je, kanuni ilileta kilichotakiwa? Kwa maoni yangu, kidogo. Wachezaji walijifunza kuusoma mpira unaoruka bila kuzunguka, wakachagua mipira laini zaidi, na wapigaji wa mbali wakaendelea kupiga mbali na kuvuna. Nyasi ndefu hazikurudi kuwa adhabu ya enzi za mababu. Mchezo ni kama maji, ukiziba hapa unapita pale.

Nisingependa mwondoke mkidhani kwamba fimbo kuukuu hutafutwa kwa sababu ya mianya tu. Henrik Stenson alishinda The Open mwaka 2016 kule Royal Troon kwa mikwaju 264, akitegemea fimbo ya mbao namba tatu ambayo kiwanda kilikuwa kimekwisha kuacha kuitengeneza. Ben Crenshaw alivaa koti la kijani la Masters mwaka 1984 na fimbo ya kusukumia aliyonunuliwa na baba yake alipokuwa kijana. Aliipa hata jina. Tiger Woods amechukua mataji 14 kati ya 15 makubwa akiwa na fimbo moja ya kusukumia aliyoanza nayo mwaka 1999. Watu hawa wangeweza kupewa bure fimbo mpya kila Jumatatu. Mkono ukishaijua fimbo hauulizi mwaka wake.

Na uzee wa fimbo una upande mwingine ambao wengi hawaujui. Fimbo ndefu ya kuanzia, ambayo wachezaji huiita draiva, siku hizi ina uso mwembamba wa titani unaobonyea na kurudi kila unapogonga mpira. Kanuni imeweka kikomo cha jinsi unavyoruhusiwa kuusukuma mpira urudi. Fimbo hutoka kiwandani ikiwa chini ya kikomo hicho, lakini baada ya kupiga maelfu ya mipira uso hulegea, na fimbo iliyozaliwa halali ikavuka mpaka bila mwenyewe kujua. Mei 2025, kwenye PGA Championship huko Quail Hollow, draiva ya Rory McIlroy ilipimwa ikakutwa imevuka. Scottie Scheffler alisema mwenyewe kwamba na yake ilikutwa hivyo hivyo; akachukua nyingine, akashinda mashindano. Wakaguzi wenyewe hawakuhesabu kuwa ni kosa la mchezaji. Hapo naona busara: chombo kinapimwa, kinawekwa kando, na mtu anaachiwa heshima yake. Laiti Mickelson angefanyiwa hivyo siku ile Torrey Pines.

Huku kwetu, mchezaji wa kulipwa anayeingia Kenya Open anacheza chini ya kanuni mpya ya mifuo, na weji hii ingembidi aiache kwenye gari. Wale wanaocheza Jumamosi kwenye klabu zao ni habari nyingine. Tangazo la 2008 liliahidi kwamba mchezaji wa kawaida asingebanwa kabla ya 2024, na hata sasa kanuni hiyo inafanya kazi tu pale kamati ya mashindano inapoitangaza. Hili si dogo kwa vijana wetu. Wengi walioanza kama makedi, yaani wabeba mifuko, walijifunza kwa fimbo zilizoachwa na wengine, nusu seti, tatu za kiwanda hiki, mbili za kile, mshikio umefungwa utepe. Kanuni ambayo ingetaka kila mfuo uwe wa baada ya 2010 ingewafungia lango kabla hawajapiga mpira wa kwanza. Waliotunga kanuni walilifikiria hilo, na ninawashukuru kwa dhati.

Kuna kamati za klabu hapa zilizonakili masharti ya mashindano ya kulipwa neno kwa neno na kuyabandika ubaoni kwa ajili ya mashindano ya wanachama, bila kuangalia kwamba sharti la mifuo ni la kuchagua. Nilishawahi kuambiwa nitoe weji hii mfukoni asubuhi ya mashindano, mbele ya watu. Nikaitoa. Baadaye nikawapelekea wahusika maandishi ya kanuni, tukaketi, tukasoma pamoja, na mwaka uliofuata ubao ukawa umesahihishwa. Ninyi mlio kwenye kamati, fanyeni hivyo mapema. Someni kabla ya kubandika.

Naona weji imefika safu ya nyuma. Aliye nayo, kabla hajanirudishia, apitishe ukucha kwenye mifuo mitatu ya chini, kisha ile ya juu. Ile ya chini imelika kwa mchanga na mipira ya miaka mingi, ukucha unapita bila kukwama sana. Ya juu karibu na shingo bado iko kama ilivyotoka kiwandani. Pale juu, ukitulia, utausikia ule mviringo mdogo kwenye ukingo, ambao Solheim aliuweka ili mipira isichanike.